Kinyago Katika Banda la Video

Kuna watu wanaamini zipo filamu ambazo sisi wa Newala hatuwezi kuzielewa. Nimeambiwa hivyo usoni, tena na watu niliowauzia makoti. Wanasema filamu ambayo mtu anatembea tu, au anakaa tu, hapigwi mtu wala haimbi mtu, na ikiisha hujui kama imeisha au jenereta limezimika, hiyo inataka msomi. Mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu ilikuwa mitumba. Filamu ya namna hiyo nimeiangalia, nimeipigania, nimekosana na ukoo kwa ajili yake, na nimeiona mpaka mwisho. Anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo kitambaa ulikipangia foleni, na sabuni mlikata kipande kimoja mkagawana na jirani. Halafu maduka yakajaa, mitumba ikaruhusiwa, na sisi wanawake wenye miguu myepesi tukaanza kuteremka Masasi kuchukua mabelo na kuyapandisha Newala. Nilikuwa nimeachika, nina binti mdogo, naishi kwa Mama. Mume alinirudisha nyumbani kwa sababu nina mdomo. Nilirudi na mdomo wangu wote, sikumwachia hata kipande.

Ruksa ndiyo iliyoleta pia banda la video. Lilikuwa nyuma ya soko, kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho ili jua lisiingie. Ndani kulikuwa na mabenchi, meza ndefu, juu ya meza televisheni moja na deki moja, na nje jenereta linalonguruma kuliko filamu yenyewe. Zilionyeshwa za ngumi na za Kihindi. Kando ya televisheni alisimama msimulizi, fundi baiskeli wa pale sokoni, akitufasiria kila neno. Hakujua Kichina wala Kihindi, lakini hilo halikuwahi kumsumbua, wala sisi. Akisema yule mzee mwenye ndevu anadai ng'ombe zake, basi sote tulikubali kuwa kuna ng'ombe.

Wanawake hawakwenda bandani. Hakuna aliyekataza, ila ukiingia mabenchi yote yanageuka kukutazama. Mimi niliingia, wakageuka, nikakaa, wakachoka kugeuka. Marafiki wa Mama walimpelekea habari mbio. Mama aliniuliza humo ndani tunaona nini, nikamwambia tunaona watu wanaruka juu ya miti. Akasema haya, mradi wewe huruki.

Sasa, ule mkanda. Siku moja Masasi nilifungua belo la mikoba, na ndani ya mkoba mmoja mkubwa wa ngozi nikakuta mkanda wa video. Hauna jalada, hauna karatasi ya jina, umekwaruzika ubavuni. Wenzangu walinishauri nimpe mwenye banda aufute, arekodi ngumi juu yake. Nikasema kwanza nione ninachofuta. Si tabia yangu kutupa kitu kabla ya kukipima, ndiyo maana sikuwahi kupata hasara kubwa kwenye mitumba.

Mwenye banda alikuwa mwanamume mpole aliyeogopa watu wote, hasa wateja wake. Alikubali kuuweka mkanda wangu alasiri ya siku ya kazi, wakati banda huwa tupu, kwa sharti kwamba nilete watu. Nikaleta watu. Nilileta wanawake wenzangu wa sokoni, yule wa muhogo, yule wa mafuta ya taa, na wale wa vitenge. Nikamleta na Mama, ambaye hakuwahi kukaa mbele ya televisheni maishani mwake. Vijana walikuja wenyewe kama kawaida yao. Na Mjomba akaja, kwa kuwa alisikia dada yake ameingia banda la video, na jambo kama hilo hakuweza kuliacha lipite bila yeye kuwapo.

Mjomba ni mdogo wake Mama, kitinda mimba. Lakini kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye sauti. Ndoa yangu ilipita kwake, talaka yangu ilipita kwake, na hata jina la binti yangu lilipita kwake. Tena alikuwa mkubwa wa mambo ya jando, na hapo inabidi nieleze kidogo.

Watoto wa kiume wanapotoka jandoni, hutoka midimu. Ni ngoma ya kinyago. Anakuja mmoja amevaa kinyago cha mti kichwani, mwili wote umefungwa kwa nguo hadi vidole vya mikono, kinachobaki wazi ni nyayo tu. Kwa wanawake na watoto, yule si mtu. Ni aliyekufa ametoka kaburini. Akitokea, tunakimbia tukipiga mayowe, naye anatufukuza, na ngoma inalia. Anayekivaa hatajwi, na mbele ya mwanamke kinyago hakivuliwi kamwe. Na kwa muda mrefu, kwa wale wanaostahili kujua, hakuna aliyecheza kinyago kwetu kumshinda Mjomba.

Mkanda ukaanza. Haukuwa na rangi. Kulikuwa na kilima cha mawe na sauti ya upepo, basi. Kwa mbali kabisa mtu akatokea, mdogo kama sisimizi, akija kwetu. Alikuja taratibu mno hata kijana mmoja akatoka nje kujisaidia, akarudi, akamkuta hajafika. Alipofika ndipo tukaona: usoni amevaa kinyago cha mti, cheupe, chenye mdomo mdogo, na begani ana mzega, mti wa kubebea wenye ndoo mbili tupu, moja kila upande. Akatupita. Akateremka bondeni.

Msimulizi alianza kwa nguvu. Alisema huyu anakwenda kumlipizia kisasi baba yake. Tukasubiri kisasi. Mtu wa kinyago alifika kwenye chemchemi, akachota ndoo ya kwanza, akachota ya pili, akapumzika, akageuka, akaanza kupanda. Msimulizi akasema ndani ya ndoo kuna sumu. Mtu akaendelea kupanda. Msimulizi akasema, "Anaendelea kutembea." Akanyamaza. Baadaye akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Bado anaendelea kutembea," kisha akatafuta nafasi kwenye benchi akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa kabla ya siku ile.

Vijana walipiga miluzi. Mmoja alimtaka mtu wa kinyago apigane basi hata na jiwe. Mwingine aliuliza kama deki imekwama. Walikuwa na haki ya kuchoka, siwalaumu sana, ila nataka msomaji aangalie upande wa pili wa banda, tulikokaa wanawake. Huko hakuna aliyechoka. Yule wa muhogo alikuwa ameshika goti langu bila kujua, na kila njia ilipopinda analibana. Ndoo ya kulia ilikuwa ikiyumba na maji yakimwagika. Tuliyaona yakimwagika. Tone likidondoka kwenye vumbi, benchi letu zima linavuta pumzi.

"Hakuweka majani," Mama alinong'ona. "Juu ya maji hakuweka majani. Atafika na nusu."

Newala maji ni ya bondeni. Mvua ikikatika na matangi yakikauka, mwanamke anateremka ukingo wa mlima na kuupanda tena na ndoo kichwani, na juu ya maji ameweka tawi la majani ili yasiruke. Tangu nijue kutembea nimekwenda njia ile. Sikuwahi kuwaza kuwa kuna mtu popote duniani angeona kutembea kule kunastahili kuangaliwa. Nimeona mamia ya watu wakiruka na kupigana, na sikuwahi kuumia shingo kwa ajili yao. Kwa huyu shingo iliniuma. Nilikasirika pia, nilimkasirikia aliyeitengeneza filamu kwa kutuweka sote pale bila kutupa pa kukimbilia, na papo hapo nilitaka asimalize. Ndiyo elimu yenyewe wanayosema sina. Wenye kuona filamu ile ngumu walikuwa wale ambao huletewa maji mezani.

Akafika. Kulikuwa na ua, na uani wameketi wanawake wamejifunika vichwa, wanamenya kitu kama viazi. Mtu wa kinyago akatua ndoo. Akasimama. Akainua mikono yote miwili, akashika kinyago chake pande zote mbili, chini ya masikio.

Hapo Mjomba akanyanyuka. Alitembea mpaka mbele na kusimama kati yetu na televisheni, kanzu yake ikaziba kioo chote.

"Zima," akamwambia mwenye banda.

Mwenye banda akazima. Vijana walidhani ni mzaha, halafu wakaona uso wake. Mjomba akasema wanawake watoke. Kijana mmoja, ambaye mpaka leo namheshimu kwa hilo, alimwambia kwa adabu kwamba mzee, kile ni kinyago cha Wazungu, hakituhusu.

"Kinyago ni kinyago," Mjomba akajibu. "Hakivuliwi mbele ya mwanamke. Si hapa, si kwa Wazungu."

Nimetembea kidogo katika nchi hii, na sidhani kama kuna mji mwingine ambao filamu ingesimamishwa kwa sababu hiyo. Kwingine wangesimamisha kwa sababu ya nguo fupi. Kwetu ilikuwa kinyago cha nchi ya mbali, kilichochongwa na mtu asiyejua kama Newala ipo, nacho kimelindwa kama kimechongwa Mnyambe, kijijini kwa ukoo wetu. Leo hilo linanichekesha. Siku ile halikunichekesha. Wanawake walinyanyuka wakajifunika khanga na kutoka kwa haraka iliyo katika miili yetu tangu utotoni, na Mama alikuwa miongoni mwao.

Mimi sikutoka. Nilikwenda kwenye deki nikautoa mkanda. Mjomba akanyoosha mkono. Nilimwamkia kwanza, shikamoo Mjomba, akaitika marahaba maana hakuweza kuacha kuitika, kisha nikamwambia mkanda ni wangu, umetoka kwenye belo langu. Nikaufunga kwenye khanga na kupita kando yake.

Hakunikimbiza. Mwenye sauti hana haja ya kukimbia. Alituma neno kwa wenye mabanda yote mjini kwamba mkanda ule usiwekwe, na wote wakamtii. Kisha alimwagiza Mama auchukue kwangu, na Ijumaa baada ya swala atakuja kuuchoma uani kwetu, mbele yangu, ili nijifunze. Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: mwisho wa filamu ile ulikuwa umelala chini ya mto wangu, umebaki kipande kidogo tu cha kuonwa, na Newala nzima haikuwa na deki ya kunionyesha kabla haujawa majivu.

Nilijua Mama atauchukua. Alikuwa mtu wa ukoo, hakuwahi kumkatalia mdogo wake jambo mbele za watu. Siku zile nilimnunia, nikimjibu kwa kichwa. Asubuhi moja tuliteremka bondeni pamoja na ndoo zetu. Wakati wa kupanda alitua ndoo kwenye lile jiwe ambalo wote hupumzikia, akaniuliza kama nakijua kidole gumba cha mguu wa kushoto cha Mjomba.

Nikasema namjua mwenyewe, inatosha.

Akanisimulia. Wakiwa watoto, yeye ndiye aliyemlea, alimbeba mgongoni mpaka shambani. Siku moja mtoto alichezea jembe likamwangukia mguuni. Mama alichana khanga yake, ya pekee aliyokuwa nayo, akamfunga. Kidole kilipona kimepinda, na ukucha ukaota umepasuka katikati, vipande viwili, mpaka leo.

"Midimu wakitoka," Mama akasema, "wenzangu wanaangalia juu kwenye kinyago. Mimi naangalia chini."

Miaka yote ile. Nilimwona kwa macho yangu akikimbia, khanga ikimdondoka, akipiga mayowe kuliko wote, hata nilikuwa naona haya. Nikamuuliza kama anajua, anakimbia nini.

"Ngoma ile ina wachezaji wawili," akasema. "Yeye anacheza kutisha, mimi nacheza kuogopa. Nikisimama, hana ngoma. Nakimbia kwa hiari yangu, mwanangu. Kufukuzwa ni kitu kingine."

Akajitwika ndoo. Tulipokaribia juu, bila kugeuka, akaniuliza kama Masasi wana deki.

Tulikwenda Masasi na lori lililokuwa linapeleka magunia. Mama alikaa mbele kwa dereva na mkanda ndani ya kapu, chini ya muhogo wa kuchemsha, kama anapeleka chakula kwa mgonjwa. Yule mfanyabiashara aliyekuwa akiniuzia mabelo alikuwa na deki chumba cha nyuma ya duka. Alikuwa mtu wa ukoo wa kale wa biashara pale mjini, mcha Mungu na mpenda faida, na kinyago kisichouzwa hakikumkosesha usingizi. Alimwita mkewe aje kutukaribisha, akatuwekea mkanda, akasimama mlangoni huku jicho moja likilinda duka.

Nilitaka tuupeleke mbele mpaka pale tulipokatishwa. Mama akakataa. Alitaka yule mtu atembee tena njia yote. Tukaanza na kile kilima, na yule sisimizi wa mbali, na mke wa mfanyabiashara aliyekuja kwa adabu tu akajikuta ameketi sakafuni mbele yetu. Maji yakamwagika upya. Mama akalaumu upya habari ya majani.

Akafika uani. Akatua ndoo. Akashika kinyago. Hapakuwa na mtu wa kusimama mbele ya televisheni.

Nitausema mwisho ule, kwa kuwa Mjomba ameshatangulia mbele ya haki na hawezi kuusoma. Alipokuwa akikivua, filamu ilimwacha. Ilimpa kisogo. Tuliona nywele zake zilizolowa jasho, shingo yake, na kinyago kikishuka mkononi. Uso wake hatukuonyeshwa kabisa. Tulionyeshwa wale wanawake waliokuwa wakimenya viazi, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, wakiwa wanamtazama. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyekimbia wala kujifunika. Mzee kuliko wote alichota maji kwenye moja ya zile ndoo, akanyoosha kikombe kuelekea kwake, kisha akarudi kwenye kiazi chake. Ikaishia hapo, mistari ikapita kwenye kioo.

Kwa muda mfupi nilipandwa na hasira. Nimegombana na ukoo, nimepanda lori, na uso wenyewe sikuuona. Halafu nikamsikia Mama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, na mwisho sikujua tena kama ni kicheko.

"Walikuwa wanajua," akasema. "Wote, walikuwa wanajua."

Mfanyabiashara aliuliza pale mlangoni kama ndiyo imeisha, maana yeye haoni kama imeisha. Mkewe akamjibu kuwa imeisha. Mimi nililia, na sioni aibu kuandika. Nililia kwa furaha ya mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba alichokuwa anakiona ni kweli. Watu walioitengeneza filamu ile hawakujua Chimakonde, sikuelewa hata neno moja la lugha yao, na walinijua kuliko waliokuwa wakinifasiria.

Ijumaa Mjomba alikuja na kiberiti mfukoni. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti na kikombe cha maji. Kisha akamwambia mkanda ni wa mtoto, na yeye hachomi cha mtoto. Hakupandisha sauti. Mjomba alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Akanyanyuka akaondoka, na maji akayaacha pale pale bila kuyagusa. Asiyejua Newala hawezi kujua ukubwa wa jambo hilo. Maji yaliyopandishwa kutoka bondeni, ukiyaacha kikombeni, umemtukana aliyeyabeba. Mama aliyamimina kwenye mche wa mpapai.

Kiangazi kile kile watoto wa ukoo walitoka jandoni kule Mnyambe. Tulikwenda, hatukuwa watu wa kususia shughuli. Jua lilikuwa kali, ngoma zimewambwa vizuri, wanawake wamejaa uwanjani na vigelegele. Kinyago kikatokea kwenye njia ya mikorosho. Mayowe yakaanza na wenzetu wakatimua, vumbi likapanda. Mama hakukimbia. Alisimama palepale, mikono imefumbatwa juu ya tumbo, akaangalia chini. Nami nikasimama kando yake, na sitadanganya, magoti yalikuwa yanataka kwenda na wenzao.

Kinyago kilitujia kikitetemesha mabega, karibu kabisa, kikipiga ardhi kwa kishindo. Wanaume kule pembeni waligeuka kututazama. Nikaangalia chini kama Mama. Ukucha uliopasuka katikati ulikuwa mbele yetu, umejaa vumbi.

"Mdogo wangu," Mama akasema kwa sauti ya chini, ambayo nje ya sisi watatu hakuna aliyeisikia, "kidole bado kinakuuma?"

Hatua moja ilikosa ngoma. Moja tu, na wapiga ngoma walidhani ni madaha. Kisha kinyago kikageuka kikawafuata wengine. Mama hakumfedhehesha mbele za watu, na angetaka angeweza. Jioni wazee waliuliza kwa nini dada mtu hakukimbia, akasema miguu inamuuma. Mwaka uliofuata alikimbia kama zamani, kwa mayowe yale yale, na alicheka njia nzima.

Bandani tulirudi. Nilimchukua Mama na wanawake wa sokoni, tukakaa benchi la mbele, na mwenye banda akajifanya anashughulika na nyaya. Hakuna aliyekuja kututoa. Msimulizi alitusalimia akatuuliza kama safari hii hatujaleta mtu wa kutembea. Nikamwambia akae tayari.

Na Mjomba? Alikaa muda hajakanyaga kwetu. Alasiri moja akaja, akaamkiwa, akaitika, akakaa kwenye kiti kile kile. Akaomba maji. Mama alimletea kikombe kimejaa, akayanywa yote bila kupumzika, akakaa na kikombe kitupu mapajani akikizungusha. Alizungumzia korosho, akazungumzia mvua. Nilikuwa nashona vifungo vya koti pembeni, najifanya sisikii.

"Yule mtu wenu wa ndoo," hatimaye akasema, macho yake yakiwa ndani ya kikombe. "Alipovua. Alikuwa nani?"

Niliinua kichwa. Ni yeye aliyesimama mbele ya televisheni. Wanawake wa sokoni tulishawasimulia mwisho wake; kati yetu sote tulioitaka filamu ile, yeye pekee ndiye asiyeujua, na kumbe ilikuwa inamuuma muda wote. Nilifungua mdomo, ule ule ulionirudisha nyumbani, na Mama akanitazama, nikaufunga.

Akachukua kikombe mikononi mwa mdogo wake.

"Hilo," akasema, "wanaume hawaambiwi."

Akamwongezea maji.